Salamanda Mwenye Madoa na Kidimbwi cha Msituni

Mwisho wa majira ya baridi, katika jimbo la Massachusetts lililo mashariki ya Marekani, huja usiku mmoja ambao watu wengine huungoja kwa hamu. Theluji ingali imelala chini ya miti, na vipande vya barafu vingali vikielea vidimbwini. Walakini baridi imepungua, na jioni mvua ya vuguvugu imeanza kunyesha. Watu hao huvaa makoti ya mvua, huchukua taa, hutoka kimya kimya kwenda msituni. Hawaendi kuwinda kitu cha kula wala cha kuuza. Wanakwenda kumtazama mnyama mmoja mdogo, urefu wake kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole, ambaye siku nyingine zote za mwaka haonekani ila kwa nadra.

Mnyama huyo huitwa salamanda mwenye madoa. Katika Afrika, kusini ya jangwa la Sahara, hakuna salamanda wa asili hata mmoja, kwa hiyo mtoto wa huku aonyeshwapo picha yake husema mara moja, "Huyu ni mjusi." Si ajabu kusema hivyo, maana umbo ni lile lile: kichwa, miguu minne, na mkia mrefu. Hata mtaalamu wa Uingereza, George Shaw, alipompa mnyama huyu jina la kitaalamu mwaka 1802, alimweka katika jamaa ya mijusi. Lakini mjusi ana magamba, ngozi yake ni kavu, na hupenda kuota jua. Salamanda hana gamba hata moja. Ngozi yake ni laini, yenye unyevu kama ngozi ya chura, na jua likimpata mahali pasipo kivuli hukauka akafa. Vidole vyake ni vinne katika kila mguu wa mbele na vitano katika kila mguu wa nyuma, wala havina kucha. Jamaa yake wa karibu si mjusi, ni chura. Na jambo hili huonekana wazi zaidi katika habari za mayai na watoto wake, kama itakavyosimuliwa.

Mtu atakaye kumtambua na atazame mgongo kwanza. Rangi ya mwili ni nyeusi, au ya kijivu kilichokolea sana, na tumbo ni la kijivu hafifu. Mgongoni yako madoa ya mviringo ya rangi ya manjano, yamejipanga safu mbili zisizonyoka sawasawa, tokea kichwani hata mkiani. Madoa ya kichwani mara nyingi yana rangi ya machungwa. Kichwa chake ni kipana, pua imeviringana, na kinywa kimepinda juu kidogo kwenye pembe zake, hata akitazamwa usoni huonekana kama anacheka; ingawa katika usiku wa baridi kama ule hakuna ajuaye angecheka nini.

Wako jamaa zake waishio katika nchi ile ile, na mtu asiyeangalia vema huwachanganya. Mmoja ana mikanda myeupe mgongoni badala ya madoa. Mwingine ana vidoa vidogo vya samawati, kama rangi iliyonyunyizwa kwa brashi. Wa tatu ni mkubwa kuliko wote, naye ndiye wa kudanganya hasa, kwa kuwa ana madoa ya manjano vilevile. Ila madoa yake hayana safu, hushuka ubavuni hata karibu na tumbo, na umbo lake halina mpango. Akiisha kutazama safu mbili za manjano juu ya ngozi nyeusi, mtu hana haja ya kuuliza zaidi.

Katika ngozi yake, hasa nyuma ya kichwa na juu ya mkia, Muumba ameweka vifuko vidogo vitoavyo maji mazito meupe kama maziwa. Maji hayo yananata, tena ni sumu. Hayamdhuru mtu aliyemgusa tu, lakini mnyama amtiaye kinywani hayapendi. Silaha nyingine hana. Hajui kuuma kwa nguvu, wala kukimbia, wala kupiga kelele.

Karibu mwaka wote salamanda huyu hukaa chini ya ardhi. Hachimbi mwenyewe ila kidogo sana. Huingia katika mashimo ya panya na virukanjia, au hujificha chini ya magogo yaliyooza na majani makavu ya mialoni. Usiku wenye unyevu hutoka mlangoni mwa shimo akakamata nyungunyungu, konokono, buibui, na wadudu. Huweza kuishi hivyo miaka 20 na zaidi. Mwenye shamba huweza kuzaliwa, kukua, kuoa na kupata watoto karibu na msitu ule, asijue ya kuwa chini ya miguu yake wamo mamia ya wanyama hawa.

Lakini mara moja kwa mwaka wengi wao lazima watoke, kwa kuwa mayai yao hayawezi kukua katika nchi kavu. Mwezi wa Machi au Aprili, na upande wa kusini mapema zaidi, udongo ukianza kuyeyuka na mvua ikinyesha usiku, salamanda hutoka mashimoni wakashika njia. Mara nyingi madume hutangulia, na majike hufuata. Hupita juu ya majani yaliyolowa, huvuka magogo, hutambaa hata juu ya theluji iliyosalia, kwa mwendo wa taratibu sana, mguu mmoja mmoja, kama mzee apandaye ngazi gizani. Wengine huenda hatua chache. Wengine huenda meta 200 na kupita. Hawasimami katika maji ya kwanza wayaonayo. Kila mmoja, kwa desturi, hukirudia kidimbwi kile alichokizoea.

Kidimbwi chenyewe hakina fahari. Ni bonde dogo katikati ya miti, lisilo na kijito kinachoingia wala kinachotoka. Hujazwa na theluji inayoyeyuka na mvua za majira ya kuchipua, hata maji yakamfikia mtu magotini au kiunoni. Kisha miti hutoa majani, mizizi hunywa, jua huzidi, na maji hupungua siku kwa siku. Mwisho wa kiangazi cha huko, yaani mwezi wa Agosti au Septemba, mara nyingi hapabaki maji. Pana majani meusi tu yaliyogandamana juu ya tope.

Mtu angedhani ya kuwa mnyama mwenye akili angechagua ziwa lenye maji ya daima. Liko ziwa, pengine si mbali, na salamanda huliacha. Sababu ni samaki. Ziwani wamo samaki, na samaki huwala watoto wa salamanda mara watokapo katika mayai. Katika kidimbwi kikaukacho kila mwaka samaki hawezi kuishi. Basi ukame ule ule uwezao kuwaua watoto wa salamanda ndio uwalindao. Wazazi wao hukaa kati ya hatari mbili: maji yakidumu mwaka baada ya mwaka, samaki wakiletwa humo watakaa, maji yakikauka mapema mno, watoto watakufa kabla hawajapata mapafu. Kidimbwi chema ni kile kinachokauka, ila kisikauke upesi.

Usiku ule wa mvua maji yaliyokuwa kimya hujaa mwendo. Vyura wa msituni, ambao nao wametoka katika usingizi wa baridi, hupiga kelele kama bata. Salamanda hawana sauti. Ukimulika taa majini huwaona wakipita chini, mmoja juu ya mwenziwe, wakisukumana kwa pua na kuzungukana, na madoa yao ya manjano yakizima na kuwaka katika maji meusi. Dume huweka juu ya majani na vijiti vilivyo chini vifuko vidogo vyeupe vya mbegu, kila kimoja kimesimama juu ya kishina cha ute. Jike hupita juu yake akakichukua mwilini mwake. Baada ya siku chache hutaga mayai, akiyashikiza katika kijiti au shina la jani lililo ndani ya maji. Kisha wazazi hutoka majini, usiku wa mvua tena, wakarudi mashimoni kwao. Hawangojei kuona watoto.

Mayai ndiyo alama iliyo rahisi kuliko zote, kwa sababu mtu huweza kuyaona mchana, hata wenyewe wakiwa wamekwisha kwenda zao. Yamo katika tonge la ute mzito, na katika tonge moja huweza kuwamo mayai mia na zaidi. Linapotoka tumboni mwa jike ni dogo. Baadaye hunywa maji likavimba, likawa kama ngumi. Mengine ni maangavu kama kioo, mengine ni meupe kama maziwa, na yote mawili ni mazima. Chura wa msituni naye hutaga katika vidimbwi hivyo hivyo, na wanafunzi wengi wa huko hukosea hapo. Lakini mayai ya chura yameshikana tu, kila moja na ute wake, na tonge lake juu lina vinundu kama kishada cha zabibu. Mayai ya salamanda yamefunikwa yote pamoja na ute mwingine wa nje, ulio laini na mgumu kidogo. Ukiliinua tonge la salamanda kwa kiganja ndani ya maji, halipotezi umbo lake. Tonge la chura hulegea na kuteleza kati ya vidole. Mwenye kulishika na alirudishe pale pale, asilivunje wala asiling'oe katika kijiti chake.

Majuma yakipita, jambo la ajabu huonekana. Ute ule huanza kugeuka rangi, ukawa wa kijani. Mtu huweza kudhani ya kuwa mayai yameoza. Wala si hivyo. Mmea mdogo sana wa jamaa ya mwani, usioonekana kwa jicho tupu ila ukiwa mwingi, umeingia na kukaa ndani ya kila yai. Mchunguzi mmoja, Orr, aliandika habari ya mwani huo katika mwaka 1888. Baadaye, katika miaka iliyofuata 1940, Perry Gilbert alilinganisha mayai yenye mwani na mayai yasiyo nao, akaona ya kuwa watoto waliokaa pamoja na mwani hustawi vema zaidi. Maana ute ni mzito, na hewa safi hupenya kwa shida hata katikati ya tonge. Mwani ukipata mwanga wa mchana hutoa hewa hiyo humo humo ndani. Mtoto naye hutoa takataka za mwili wake, nazo ni chakula cha mwani. Hivyo mpangaji hulipa kodi, na mwenye nyumba hapati hasara.

Ilidhaniwa muda mrefu ya kuwa mwani huo hukaa nje ya mwili wa mtoto, katika maji ya yai tu. Mwaka 2011 Ryan Kerney na wenzake walitangaza ya kuwa wameuona ndani ya mwili wenyewe, katika seli za mtoto wa salamanda. Kabla ya hapo jambo la namna hiyo lilijulikana kwa matumbawe na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo. Kwa mnyama mwenye uti wa mgongo halikuwa limepata kuonekana. Watu walikuwa wamepita kando ya vidimbwi hivyo miaka mingi, wakiutazama ute ule wa kijani na kuendelea na safari zao.

Baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa kadiri ya baridi ya maji, mayai huanguliwa. Mtoto hatokei na umbo la wazazi wake. Ni kama kiluwiluwi chembamba, na pande zote mbili za shingo ana matamvua yaliyochanuka kama manyoya ya ndege, ambayo kwayo huvuta hewa ndani ya maji. Tofauti na kiluwiluwi cha chura, yeye hali majani. Hula vidudu vya majini tangu mwanzo, naye huliwa na wengi. Wadudu wakubwa wa majini humkamata. Salamanda yule mwenye mikanda myeupe, palipo na jamaa hiyo, ni adui wa namna ya pekee: jike lake hutaga kabla ya baridi kuanza, katika bonde lingali kavu, akayalinda mayai hata mvua ijaze maji, kwa hiyo watoto wake wamekwisha kuwa wakubwa wakati watoto wa salamanda mwenye madoa wanapozaliwa, nao huwatafuna.

Tena liko shindano na jua. Katika miezi miwili hata minne mtoto hana budi kuota miguu, kupoteza matamvua, na kupata mapafu. Maji yanapungua, watoto waliokuwa wametawanyika sasa wamesongamana katika duara ndogo, na chakula ni kidogo. Mwaka wa mvua nyingi wengi hutoka. Mwaka wa ukame kidimbwi hukauka mwezi wa Juni, na asubuhi moja watoto wote wa mwaka ule wanaonekana wamelala juu ya tope. Kwa wazazi wanaoishi miaka 20 msiba huo si mwisho wa jamaa. Mwaka ujao watarudi kutaga tena. Lakini wanahitaji mahali pa kurudi.

Na hapo ndipo shida yao kubwa ilipo. Mtu anunuaye kiwanja mwezi wa Septemba huona bonde lenye majani makavu, halina maji, halina samaki, halina faida. Huleta udongo, akalifukia, akajenga nyumba. Hakukusudia ubaya, hakuna aliyemwambia. Mwezi wa Machi mvua hunyesha usiku, na salamanda waliokuwa mashimoni hutoka kama desturi yao wakashika njia ile ile.

Mahali pengine kidimbwi kimesalimika, ila barabara imepita kati yake na msitu. Salamanda hawezi kuharakisha. Aonapo mwanga mkali pengine husimama, na usiku wa mvua lami nyeusi na mgongo mweusi havitofautiki machoni pa dereva. Usiku mmoja wa magari mengi huweza kuua wazazi wengi, na kwa mnyama aishiye muda mrefu na kukua polepole hasara hiyo hairudishwi upesi. Ndiyo sababu katika miji kadha wa kadha ya mashariki ya Marekani watu walianza kusimama kando ya barabara usiku wa mvua, wazee na watoto pamoja, wakiwavusha salamanda kwa mikono. Mikono yapasa iwe imelowa maji na haina mafuta wala dawa, maana ngozi yao hunywa kila kitu. Tena salamanda huwekwa upande ule aliokuwa akiuelekea; ukimrudisha alikotoka kwa kumhurumia, ataanza safari yake upya.

Katika mji wa Amherst, katika jimbo lile lile la Massachusetts, watu waliovusha hivyo katika barabara iitwayo Henry Street walifikiri zaidi. Mwaka 1987 vilijengwa vijia viwili chini ya barabara hiyo, kwa ajili ya salamanda. Navyo vilikuwa vya kwanza vya namna hiyo katika Marekani. Pande zote mbili ziliwekwa kuta fupi za kuwaelekeza kwenye mlango. Juu ya vijia palikuwa na matundu ya kupitisha mvua, kwa kuwa salamanda hapendi kupita mahali pakavu. Wengine walifika mlangoni wakasita, wakaona giza la ndani si kama giza la msituni. Basi watu wakamulika mwanga kidogo upande wa pili, wakaingia. Huenda msomaji akacheka kusikia ya kuwa mji mzima ulikubali kuchimba barabara kwa ajili ya mnyama asiye na sauti wala thamani sokoni. Watu wengine wa Marekani walicheka vilevile. Lakini salamanda walipita.

Wachunguzi wakataka kujua kama wale waonekanao mwaka huu ndio wale wa mwaka uliopita. Walitambua jambo ambalo mtazamaji wa kwanza hulipuuza: madoa ya salamanda mmoja hayafanani na ya mwingine. Huyu ana madoa mawili yaliyogusana begani. Yule ana doa moja kama mwezi mchanga karibu na mkia. Wa tatu safu yake ya kushoto imekatika katikati. Haikuwapo haja ya kumfunga alama wala kumkata kidole. Humpiga picha ya mgongo anapokaribia maji, wakaandika tarehe na mahali, wakamwacha aende. Mwaka unaofuata, usiku wa mvua, picha mpya huwekwa kando ya za zamani, na mtu huinama juu ya meza akihesabu madoa, moja moja, tokea kichwani hata mkiani, mpaka apate mgongo uliopita hapo mwaka jana.